Ng'ombe Watatu Katika Zizi la Ndahani

Mchungaji na wazee wa kanisa, wazee wa Haneti, wageni mliotoka Dodoma mjini, Chamwino na Mlali, na ninyi wa ofisini mliokuja na gari lililoleta picha, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Kamati ya mazishi imeipa historia hii dakika kumi na imeomba mambo mawili, kwamba isiwe ndefu, na kwamba jina la ofisi fulani lisitajwe kwa kuwa wawakilishi wake wamekaa viti vya mbele, na familia imelikubali la pili, la kwanza mtatusamehe. Anayesoma ni Anitha, mtoto wa pili wa marehemu, na haya yaliandikwa na familia nzima kwenye meza ya mama, ya mwisho yakiongezwa asubuhi hii, kwa kubishana, kwa hiyo yeyote atakayeona kuna neno kali ajue kwamba makali zaidi yalifutwa.

Marehemu Yotham Ndahani Chilewa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 hapa hapa Haneti, akiwa mtoto wa tatu, na wa kiume wa pekee, kati ya watoto watano wa marehemu Ndahani Chilewa na marehemu Ruthu, katika nyumba ya tembe iliyokuwa hapa lilipofungwa turubai mlilokaa chini yake, na zizi lilikuwa pale pale lilipo, hilo la miiba mnaloliona kushoto kwenu, ambamo wachimba kaburi wameshinda tangu alfajiri. Alianza kuchunga akiwa na miaka sita, na wazee wanaomkumbuka wanasema hakuwa mchungaji wa kutegemewa, kwa sababu aliangalia vivuli vya ng'ombe badala ya ng'ombe wenyewe, na mara mbili mifugo iliingia kwenye uwele wa watu yeye akiwa amechuchumaa anachora chini kwa kijiti. Baba yake alimchapa kwa sababu ya uwele, hakumchapa kwa sababu ya kuchora, na jambo hilo marehemu alilisimulia mpaka uzeeni kila alipokuwa na furaha, yaani si mara nyingi.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza mwaka 1960 hapa hapa kijijini, akapoteza mwaka mmoja kwa surua, akamaliza mwaka 1967, na mwezi Januari 1969 akajiunga na chuo cha ualimu huko Mpwapwa. Mwaka huo mvua ziligoma, nyasi zikaisha mpaka kwenye mabonde, na tarehe 9 Oktoba 1969 mzee Ndahani aliswaga ng'ombe wake thelathini na mmoja kuelekea upande wa Singida kutafuta malisho. Ilikuwa imekubaliwa kwamba mwanawe wa kiume afuatane naye, lakini mtihani ulikuwa umekaribia, baba akatuma salamu kwamba asome, ng'ombe atawamudu mwenyewe, na mvua zikinyesha atarudi. Mvua zilinyesha mwezi Desemba, na mzee Ndahani hakurudi, wala ng'ombe hata mmoja, wala fimbo yake, wala mtu wa kusema nilimwona mahali fulani, na mpaka leo mzee huyo hana kaburi.

Zizi letu, kwa wale wageni, hufungwa kwa kuburuta matawi ya miiba na kuziba lango jioni ng'ombe wakishaingia, na tangu mwaka huo bibi Ruthu alikataza lango lisizibwe, akisema wakirudi wasikute pamefungwa. Kila jioni alitoka, akayasogeza matawi pembeni ingawa hakuna aliyekuwa ameyagusa, akasimama kidogo, akarudi ndani, na alifanya hivyo kwa miaka ishirini na mitano. Hakumlaumu mwanawe kwa mdomo hata siku moja, ila kila alipomwandalia chakula likizo alimuuliza kama ule mtihani alifaulu.

Alifaulu. Huko chuoni alifundishwa sanaa na Mwalimu Zaidi, mtu wa Kondoa, aliyewafundisha wanafunzi wake kukitazama kitu mpaka kipungue, kisha waondoe kila kinachoweza kuondoka bila kitu chenyewe kufa, na kilichobaki ndicho wakichore, na maneno hayo yaliingia kichwani mwa marehemu yakakaa huko kama mwiba. Aliajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi Chamwino mwezi Januari 1971 akafundisha hadi Juni 1978, alipoacha kazi baada ya kuagizwa achore ukutani mkulima anayecheka huku ameshika jembe, naye akachora jembe peke yake, limeegemezwa, wala halicheki. Baada ya hapo alifungua kibanda cha maandishi Dodoma mjini na rafiki yake wa tangu chuo, Thobias Mganga, ambaye yupo hapa leo, yule mzee mwenye koti la kahawia pembeni ya jeneza. Wawili hao waliandika mabango ya maduka, ya zahanati na ya baa, namba za magari, majina ya shule, na zaidi ya yote misalaba, kwani kwa miaka mingi hapakuwa na mtu mtaani kwetu aliyezikwa bila mkono wa Yotham au wa Thobias kuandika jina lake. Marehemu hakukosea herufi kwenye msalaba hata siku moja, na aliwasumbua sana wafiwa kwa kuwataka warudi nyumbani kuhakikisha tarehe, hata pale mtu alipolia na kumwambia mzee, andika tu.

Kuhusu ndoa, tarehe 20 Desemba 1975 marehemu alifunga ndoa na Tereza, binti wa mzee Masaka wa Mlali, na Mungu akawajalia watoto watatu, Obedi mwaka 1977, Anitha mwaka 1980 na Yasinta mwaka 1986. Mama alituomba tuandike kwamba aliolewa na mtu mcheshi, kwa sababu wengi wenu hamkubahatika kumjua huyo.

Sasa tunafika kwenye picha, ile pale imefunikwa kwa kitenge, na tunaomba isiguswe mpaka mwisho.

Mwezi Septemba 1981 marehemu alikuja hapa Haneti na bodi ya dari yenye upana wa futi nne na kimo cha futi tatu, akiwa ameikumbatia juu ya lori la mahindi njia nzima, akakaa kwa mama yake wiki tatu, na alipoondoka alikuwa amechora kitu kimoja tu. Sehemu kubwa ya bodi ni anga la bluu iliyokolea, halina nyota. Tembe ni ukanda mweusi ulionyooka kutoka ukingo mpaka ukingo, hauna mlango wala dirisha. Zizi ni duara lililopinda, rangi ya majivu, na mwezi ni mdogo, hata mviringo haukutimia, umewekwa juu kabisa kwenye kona kana kwamba uko njiani kuondoka, na mwanga wake unapita langoni, ambapo miiba imevutwa pembeni, unaingia zizini na kulala chini, na hapo ulipolala hapana kwato, hapana mtu, hapana mti, hapana kitu. Majirani walikuja kutazama wakacheka, wengine wakasema nyumba haina mlango sasa watu wanaingilia wapi, watoto wakasema hajamaliza. Bibi Ruthu alikuja wa mwisho, akatazama, akasema kwa Kigogo kwamba umeacha lango wazi, kisha akaenda kusonga ugali. Marehemu alisema hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa na akajua ni sifa.

Wale wanaosema ni picha ya utulivu hawakosei sana, isipokuwa utulivu ule una sababu, na sababu yake ni kwamba thelathini na mmoja hawapo na mwenyewe hayupo. Babu yetu hana kaburi, hivyo bodi ile ndiyo ilikuwa kaburi lake, na marehemu, aliyewaandikia wengine misalaba kwa mamia, wa baba yake hakuandika, alichora lango.

Mwaka 1983, baada ya maonyesho ya Saba Saba, ile ofisi ambayo hatuitaji iliiomba picha kwa ajili ya ukumbi wake wa mikutano, naye akaitoa kwa moyo mweupe, na hati ya makabidhiano ya tarehe 19 Julai 1983 ipo, ina mhuri, na familia inaisoma kama ilivyo kwa sababu karani aliyeiandika alikuwa mtu makini, Mungu amrehemu popote alipo, akaorodhesha hivi: picha moja ya mwezi, nyumba moja, zizi moja, lango wazi, ng'ombe hakuna. Tunaomba mliokaa mbele mlikumbuke neno hilo la mwisho.

Mwezi Novemba 1994 ofisi hiyo ilitaka kuchapisha kalenda, na mkubwa mmoja wa wakati huo, ambaye naye ni marehemu na hatuna ugomvi na mfu, alisema zizi tupu ni aibu kwa mkoa wa wafugaji, wageni watadhani watu wana njaa, basi awekwe ng'ombe. Marehemu alikuwa Mlali kumzika baba mkwe wake, tarehe 11 hadi 18 Novemba, kwa hiyo aliitwa Thobias, akapewa siku mbili, akachora ng'ombe watatu ndani ya zizi la Ndahani. Aliwanakili kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Ni ng'ombe wa madoa meusi na meupe, wanene, viwele vimejaa, migongo imenyooka kama meza, hawana nundu, ng'ombe ambao Haneti hawajawahi kukanyaga na wakikanyaga kiangazi hawamalizi. Picha ikapigwa, ikawekwa kwenye kalenda ya mwaka 1995, na chini yake pakaandikwa Utulivu na Neema Vijijini, na pembeni, kwa herufi ndogo, mchoraji Y. N. Chilewa.

Kalenda ilifika hapa kijijini mwezi Januari, ikatundikwa dukani, na mtu mwenye nia njema akamwita bibi Ruthu aje aone kazi ya mwanawe. Bibi alitazama muda mrefu, akanyoosha kidole akawahesabu, mmoja, wawili, watatu, akawauliza waliokuwepo hawa ng'ombe ni wa nani, wetu wana nundu, na nani kawaruhusu kulala humu. Wengine wao walicheka. Jioni ile alitoka kama kawaida yake, lakini safari hii aliyashika matawi ya miiba akayaburuta akaziba lango, peke yake, mikono ikachanika, akasema zizi limeshapata ng'ombe wengine, hakuna tena wa kumngojea.

Marehemu alifika Jumapili iliyofuata, akamkuta mama yake na mikono iliyofungwa vitambaa, akamwapia kwamba si yeye aliyewachora, na bibi akamwonyesha jina lake kwenye kalenda, pale pembeni, akamwambia wewe ndiye unayewaandikia watu majina, na jina lako limeandikwa. Alimwomba mama aende naye mjini akaione picha yenyewe, aone kwamba mkono ni mwingine, bibi akasema hana haja ya kwenda kuangalia ng'ombe wa watu. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena habari za mtihani, wala habari nyingine yoyote ya maana, na alifariki tarehe 6 Machi 1999, lango likiwa limezibwa. Msalaba wake marehemu aliuandika kwa siku nne, kazi ambayo kwa wengine aliifanya kwa saa mbili.

Na Thobias naye atendewe haki, kwa sababu yupo na anasikia. Marehemu aliporudi mjini alimkuta kibandani, na kabla hajasema neno Thobias alimwambia kaka, waliniagiza ningefanyaje, lakini nimetumia rangi ya unga inayokorogwa na maji, ile ya watoto wa shule, yako ni ya mafuta na ina vanishi juu, haiwezi kushika, ukipata nafasi ni kitambaa na maji ya uvuguvugu tu, wanatoka. Alidhani anamfariji. Marehemu alimjibu kwamba kumbe ulijua tangu mwanzo kuwa watatakiwa kutoka, akachukua brashi zake, akaenda kufungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, na watu hao wawili waliokula sahani moja tangu mwaka 1969 hawakusalimiana tena kwa miaka thelathini, ingawa vibanda vyao vilitazamana.

Ndugu waombolezaji, fikirini mtu anayejua kwamba aibu ya mama yake inafutika kwa kitambaa na beseni la maji, na kwamba kilichobaki ni mtu mmoja kusema ndiyo. Ofisi ilikuwa imeitia picha kwenye fremu yenye kioo, ikaipigilia ukutani, na kuanzia Jumatatu tarehe 6 Februari 1995 marehemu alikwenda huko kila Jumatatu, na hati yake mfukoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili mpaka mwisho wa maisha. Ofisi ilihama majengo mara tatu, naye akahama nayo. Aliambiwa shikamoo mzee, mhusika yuko kwenye kikao. Aliambiwa andika barua, akaandika arobaini na moja, kwa mwandiko ambao barua za majibu, kama zingekuwepo, zisingeufikia. Aliambiwa picha ile ni mali ya umma, akiigusa ni kesi. Aliambiwa hati yake ni ya zamani na faili halionekani. Mwaka 2011 kijana mmoja msomi alimwambia kwa heshima zote kwamba mzee, kusema kweli hao ng'ombe ndio wameipendezesha, bila wao ingeboa, na marehemu alirudi nyumbani akacheka peke yake mpaka mama akaogopa.

Hakuchora tena picha nyingine. Aliandika mabango na misalaba, basi, na akiulizwa alisema ana picha moja ambayo hajaimaliza, wakati mnajua alikuwa ameimaliza tangu mwaka 1981.

Familia imekubaliana isimfanye malaika. Picha ile ilimla baba yetu tukiwa tunaangalia. Alikuwa mkali kwa makosa madogo, Obedi alichapwa kwa kuandika jina lake mwenyewe kwa herufi zilizopinda, na Jumatatu tarehe 13 Februari 2012, Yasinta alipojifungua mtoto wake wa kwanza kwa shida, babu wa mtoto alifika hospitali saa kumi jioni akitokea kwenye benchi la ofisini, akasema leo walikuwa karibu kumwona mhusika. Mama aliacha kumpikia siku za Jumatatu, akimwambia akale huko anakoshinda, na alishikilia msimamo huo miaka tisa. Tulimwomba mara nyingi aache, tukamwambia bibi ameshakufa, babu hatarudi, watu wanaoipita picha ile hata hawainui macho, sasa unamwonyesha nani. Alisema lango haliko wazi. Tulimkasirikia, na wengine wetu bado tumemkasirikia, na hasira hiyo tumekuja nayo hapa kwa sababu haina mahali pengine pa kukaa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2019, na mwezi Mei 2023 figo zikagundulika zimechoka, akawa anapelekwa hospitali Dodoma mjini mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, kwani Jumatatu alikataa katakata isipangwe. Jirani yetu mzee Abdulrahim ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa gari lake, hospitali na ofisini, na Jumatatu ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Mei 2025, ambapo alishindwa kupanda ngazi, akakaa chini ya mti wa maegesho na hati yake magotini, na Abdulrahim akapanda badala yake, akajibiwa kwamba picha ipo ukumbini ila ukumbi una kikao. Marehemu alisema basi, wiki ijayo. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 saa tatu asubuhi, muda ambao kwa kawaida huwa ameshafika kwenye benchi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Siku iliyofuata ofisi ilipiga simu, kwa sauti nzuri, ikasema imesikia msiba wa msanii mkongwe na ingependa kumheshimu kwa kuileta picha yake isimame karibu na jeneza, kisha irudi nayo jioni. Miaka thelathini mtu aliomba kusimama mbele ya picha hiyo kwa nusu saa, akanyimwa, na imekuja leo kwa gari lenye kiyoyozi, siku ambayo macho yake yamefumbwa. Familia ilitaka kukataa. Mama akasema, iacheni ije.

Imefika leo, Alhamisi tarehe 5 Juni, saa mbili asubuhi, pamoja na karatasi ya kusaini, nayo inasema familia itairudisha picha katika hali ileile iliyoelezwa kwenye kumbukumbu za makabidhiano. Obedi aliisoma mara mbili, akasaini kwa herufi zilizonyooka. Wageni wetu wakakaribishwa chai nyumba ya jirani, na chai ya Haneti, kama mlivyoona, haiivi haraka.

Mzee Thobias alikuwa amefika mapema zaidi, amebeba msalaba aliouandika bila kuombwa na mtu, na mnaoweza kuusoma mtaona mkono wake unatetemeka siku hizi, herufi ya mwisho ya jina la Yotham imeinama kidogo, tumeiacha hivyo. Obedi alifungua skrubu za fremu, akatoa kioo, na mama akatoka jikoni na beseni la maji ya uvuguvugu na kipande cha khanga yake, akaviweka mbele ya Thobias, akasema, "Shemeji, uliwaingiza wewe. Watoe." Mzee Thobias akasema, "Nilimwambia ni rangi ya maji, Tereza. Nilimwambia." Mama akamjibu, "Najua. Ndiyo maana nimekuletea maji."

Akapiga magoti. Alianza na yule wa kushoto, kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na madoa meusi yakatoka, na meupe yakatoka, na chini yake vanishi ya mwaka 1981 ilikuwa safi, na mwanga wa mwezi ulikuwa umelala pale pale. Ilichukua dakika ishirini. Mzee alilia kwa sauti wakati wote huo, hakuna aliyemnyamazisha, na mama alibadilisha maji mara mbili, na hayo maji machafu alikwenda kuyamwaga mwenyewe mbali, nje ya boma, upande ambao ng'ombe wa watu hupita.

Kwa hiyo wageni wa ofisini wasiwe na wasiwasi, jioni watarudi na picha moja ya mwezi, nyumba moja, zizi moja, lango wazi, ng'ombe hakuna, kama mhuri wao unavyosema, na Obedi amewawekea nakala ya hati kwenye bahasha, na mwenye neno alilete kwetu siku yoyote, ila asije Jumatatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa miaka miwili na kumvumilia alivyokuwa akisahihisha maandishi ya milangoni mwao. Inamshukuru mzee Abdulrahim na mkewe Mwanahawa, ambao si wa kanisa letu wala kabila letu na wamefanya kazi ya ndugu kuliko ndugu wengine, hao wengine wanajijua. Inawashukuru majirani wa mjini na wa Haneti, mafundi wenzake wa maandishi waliofunga vibanda leo, Mchungaji, na kamati kwa dakika zake kumi ambazo zimekwisha zamani. Inamshukuru karani wa mwaka 1983. Inamshukuru mzee Thobias, neno ambalo lilibishaniwa kuliko yote mezani kwa mama, na mama ndiye aliyesema liandikwe.

Marehemu aliacha wosia wa mstari mmoja, kwamba azikwe ndani ya zizi la baba yake, na ndiyo maana asubuhi hii wachimbaji walilazimika kuiondoa ile miiba ya bibi, ambayo ilikuwa haijaguswa tangu Januari 1995, kavu mpaka inavunjika mikononi. Baada ya maziko watu watatoka, na tunaombwa na mama kwamba wa mwisho kutoka asizibe nyuma yake.

Kitenge sasa kinaweza kufunuliwa. Tazameni vizuri, maana yeye hakupata nafasi.

Pumzika kwa amani, baba. Zizi ni tupu, na lango liko wazi.